Somo la Saba la Mwalimu Mwongeli

Mukuyuni,
Jumatatu, 3 Agosti 2020

Kwa Kiema,

Salamu kwanza, halafu kesi.

Mimi ni mzima. Machungwa yamekubali mwaka huu, na mguu wa kushoto bado unanisumbua asubuhi. Natumai wewe pia u mzima huko Mwingi, na barakoa unaivaa puani, si kidevuni kama wanaume wa hapa.

Utashangaa kuona jina lako limeandikwa na mimi. Miaka minane umekuwa mkwe wangu na sijawahi kulitamka. Tulilelewa hivyo: mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na nikikuona njiani ninakata kona kupitia shamba la watu. Nthoni ni nthoni. Mwongeli ndiye alikuwa akitubebea maneno. "Mama anasema asante kwa sukari." "Kiema anasema pole na mguu." Sasa mbebaji hayuko. Simu sitaki, maana sauti ni karibu sawa na uso. Lakini karatasi haina macho, kwa hivyo nimeona tuandikiane.

Kesi yenyewe ni hii. Ile kompyuta uliyoniletea baada ya mazishi iko katika chumba changu cha kulala, nimeifunika kitambaa. Nimejifunza kuiwasha. Uliagiza niambiwe ni Linux, si Windows, na kwamba haishiki virusi. Sawa. Folda ya masomo ya Mwongeli niliipata, yale aliyokuwa akijirekodi akifundisha darasa la pili. Yako saba. Nikibonyeza la kwanza, brauza inafunguka, inatoa kisanduku cheusi na maneno kwamba plagini haipo. Picha hakuna, sauti hakuna. Nikabonyeza la pili mpaka la saba, ni hivyo hivyo.

Kiema, tangu Juni mwaka jana sijasikia sauti ya mtoto wangu. Nilikuwa na huyo mmoja tu. Simu yangu haikuhifadhi kitu. Sauti yake iko ndani ya hicho kisanduku cheusi, na kwingine haiko. Niambie nifanye nini.

Usiniandikie kama unaandikia mtoto. Nilikuwa karani wa kupiga chapa ofisi ya D.O. wa tarafa miaka ishirini na miwili, na barua hii nimeipiga kwa taipureta waliyoniaga nayo. Ukiniambia nichape kitu, nitakichapa bila kuangalia vidole.

Ndululu anakuja Mwingi na lori la machungwa. Mpe jibu akirudi.

Mama Mwongeli


Mwingi,
7 Agosti 2020

Mwaitu,

Barua nimeipata, mama, na machungwa pia. Asante. Niliisoma nimesimama nje ya saiba, hili duka la kompyuta ninakofanya kazi, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena nimeketi. Hata mimi jina langu sijalisikia kwa muda. Watu hapa huniita Fundi, na wengine "wewe wa kompyuta".

Niko mzima. Kazi imepungua tangu korona ianze. Deqa mwenye saiba ametoa mashine sita, zimebaki nne, na siku nyingine inafika saa nane mchana sijaongea na mtu isipokuwa yeye akija kuuliza kama kuna mtu.

Kuhusu masomo. Brauza peke yake haijui kuyacheza, kwa sababu Mwongeli aliyatengeneza na programu ya zamani. Inahitaji kidude kinachoongezwa ndani yake, ndicho hiyo plagini. Bila hiyo, ni kama taa ya mafuta isiyo na utambi.

Nakutumia flashi yenye faili ya plagini. Ichomeke. Fungua folda yako ya nyumbani, kisha bonyeza Ctrl na H kwa pamoja. Utaona folda ambazo hukuwa unaziona, majina yake yanaanza na nukta. Ndivyo Linux inavyoficha vitu. Fungua ile ya mozilla, tengeneza ndani yake folda, uiite plugins, unakili faili humo. Funga brauza, uifungue tena.

Kuna jambo jingine ni lazima ulijue. Waliotengeneza plagini hiyo wametangaza kwamba mwaka huu ukiisha wanaizima. Baada ya hapo haitacheza tena, hata ikiwa imewekwa vizuri. Lakini Desemba ni mbali, kwa hivyo usiharakishe ukauumiza mguu huo.

Au kama ni kazi ngumu, mpe Ndululu kompyuta yenyewe alete. Nitaitengeneza hapa niirudishe.

Mkwe wako,
Kiema


Mukuyuni,
17 Agosti 2020

Kwa Kiema,

Kompyuta haitoki. Ilishatoka Mwingi mara moja, ikaja kwenye pikapu moja na sanduku la nguo zake. Haipandi gari tena.

Nilifanya ulivyosema. Nilibonyeza Ctrl na H, na kweli folda zikatokea nyingi, kama wageni wa harusi ambao hukuwaalika. Niliona ya mozilla, nikatengeneza folda, nikanakili faili, nikafunga, nikafungua. Kisanduku ni kilekile cheusi. Nikasema labda nimekosea, nikaanza upya. Siku ya pili nikaanza upya tena. Mara tatu, Kiema. Kama ningekosea mara tatu barua moja ya D.O., ningekuwa nauza mboga tangu mwaka wa themanini na tatu.

Nisikuambie uongo, nilikuwa nimejiandaa. Nilioga, nikavaa leso safi, nikafunga mlango ili wale wa jumuiya ya kanisa wasinibishie hodi. Nikasema leo nitamsikia. Halafu nikakaa mbele ya kile kisanduku mpaka chai ikapoa.

Nyumba hii imekuwa kubwa. Zamani nilikuwa nikilalamika kwamba vyumba vitatu havitoshi. Sasa nikiangusha kijiko jikoni, nasikia kikianguka kila chumba.

Nini kingine kinaweza kuwa kibaya? Niambie chote.

Mama Mwongeli


Mwingi,
2 Septemba 2020

Mwaitu,

Pole kwa kuchelewa kujibu. Ndululu alipita hapa mara mbili nikiwa sipo.

Wewe hujakosea. Mashine ile ni ya zamani, na mashine za zamani zina tabia zake. Tujaribu hivi. Zima kompyuta kabisa, iache robo saa, iwashe. Kisha uandike about:plugins pale juu ya brauza, uone kama imeorodheshwa. Kama haipo, fungua lile dirisha jeusi la maandishi, uchape firefox, ubonyeze Enter. Brauza itafunguka kutoka hapo, na dirisha litaandika malalamiko yake. Yanakili unitumie.

Lakini Mwaitu, tufikirie kidogo. Pengine rekodi zenyewe ziliharibika safarini. Hutokea. Na pengine si vibaya kuyaacha masomo yale yapumzike. Nakumbuka mchungaji alisema kwenye mazishi kwamba tusimwite aliyelala.

Ulinde mguu. Nimekutumia dawa ya kuchua, Deqa anasema ni nzuri, mama yake hutumia hiyo.

Mkwe wako,
Kiema


Mukuyuni,
14 Septemba 2020

Kwa Kiema,

Dawa inanuka kama karakana, lakini mguu umesikia. Mwambie Deqa ahsante.

Mchungaji alisema tusimwite aliyelala kwa waganga. Hakusema tusisikilize somo la hesabu.

Nimezima, nimewasha. Kwenye orodha hakuna kitu. Nikafungua dirisha jeusi, nikachapa, likaandika malalamiko ya Kizungu mistari minne. Nimeyapiga neno kwa neno kwenye karatasi ya pili, na nakala moja ya kaboni nimebaki nayo. Mazoea ya ofisi.

Unakula nini wewe? Mwongeli alikuwa akisema hujui kupika hata ugali. Hilo nililijua kabla hajaniambia, kwa sababu mara ya kwanza mlipokuja hapa, ulikaa na wanaume nje, nikakuona kupitia dirisha ukimwangalia aliyekuwa akigeuza mwiko uani kama mtu anayetazama sarakasi. Nilicheka peke yangu jikoni. Hata siku hiyo nilikuwa upande wangu wa ukuta.

Nasubiri. Kila siku ya lori natoa kiti nje mapema.

Mama Mwongeli


Mukuyuni,
26 Oktoba 2020

Kwa Kiema,

Wiki sita. Ndululu amepita mara nne mikono mitupu. Mara ya mwisho hata hakusimamisha lori, alipunga tu.

Kwa hivyo nimefanya nisichotaka. Kavindu, binti wa mchungaji, yuko nyumbani kwa kuwa chuo chao kimefungwa. Anasomea mambo ya kompyuta. Nikampelekea ile nakala ya kaboni. Aliisoma mara moja tu, akaniuliza, "Nyanya, nani alikupatia hii plugin? Hii ni ya mashine aina ingine. Yako ni ndogo, hii ni ya zile kubwa. Haiwezi kuingia hata uombe." Nikamwambia nilipewa na fundi. Akauliza, "Huyo fundi ashaiona hiyo mashine?"

Ashaiona? Wewe ndiwe uliyeiunda, kipande kwa kipande, ukamletea Mwongeli siku yake ya kuzaliwa. Alinipigia simu akiimba.

Kisha huyo msichana akachungulia zaidi ndani ya mashine, akasema plagini ilikuwemo zamani, ikatolewa. Mashine imeandika tarehe. Ni siku nne kabla hujaniletea.

Njia ya mwongo ni fupi, Kiema, na hii yako ni fupi zaidi, kwa sababu wewe mwenyewe uliniambia nifungue lile dirisha na kunakili malalamiko. Fundi amejisahau akafanya ufundi.

Nimekaa siku tatu nikijiuliza ni kosa gani nilikufanyia. Nilifikiri labda ni masomo unayotaka yawe yako peke yako. Kama ni hivyo ungesema, ningekuelewa, ningelia lakini ningekuelewa. Kunifanya niamini kwamba vidole vyangu vimezeeka, hilo sikuelewi.

Kavindu alitaka kuniwekea plagini sahihi palepale. Nikamkatalia. Alichoharibu mkwe kitatengenezwa na mkwe. Lakini kabla ya plagini nataka neno. Kwa nini hukutaka nimsikie mtoto wangu?

Mwaka umebaki na miezi miwili.

Mama Mwongeli


Mwingi,
8 Novemba 2020

Mwaitu,

Nimeandika barua hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Sasa naiandika bila kusimama, na nikimaliza sitaisoma.

Ni kweli. Plagini niliing'oa mimi. Ile niliyokutumia nilijua haitaingia. Vidole vyako havina kosa lolote, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba ulioga ukavaa leso safi.

Si masomo yote. Ni la saba.

Jioni hiyo, tarehe kumi na mbili Juni, Mwongeli alikuwa mezani akirekodi. Chumba chetu hapa Mwingi ni kimoja, unajua, meza, kitanda na jiko pamoja. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu. Kule walikuwa wamenikalia siku nzima kuhusu mtoto, kwamba miaka saba imepita na nyumba ni kimya. Nilirudi nimejaa. Nikafungua mlango, nikamkuta anacheka na kompyuta, anasema "vizuri sana watoto, pigeni makofi". Nikamwambia anaongea na watoto wa mashine kwa sababu ameshindwa kunipa wa nyama.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Ulimi hauna mfupa, lakini huu wangu siku hiyo ulikuwa na meno. Aliniuliza, "Kiema, ni wewe unasema hivyo?" Nikapiga mlango nikaenda. Nililala saiba, juu ya makatoni.

Asubuhi sikwenda nyumbani. Nilikuwa bado na kiburi. Saa mbili bodaboda aliyekuwa akimpeleka shuleni akagongana na lori pale barabara ya Garissa. Deqa ndiye alikuja kuniambia. Nilipofika nyumbani, nyumba ilikuwa imejaa watu, akina mama wameshafagia, vyombo vimeoshwa, kitanda kimetandikwa. Hata alama ya kichwa chake kwenye mto sikuiona.

Baada ya mazishi nilifungua somo la saba. Nilisikiliza mpaka nikafika pale mlango unapopigwa. Nikazima. Nilitaka kulifuta, Mwaitu. Nilishika kipanya mara tatu. Sikuweza, kwa sababu hata katika yale maneno mabaya, sauti ni yake. Nikang'oa plagini badala yake. Nilijua unaitaka kompyuta na sikuwa na uso wa kukunyima. Nikasema, atakuwa nayo, na hatasikia.

Wewe ulinipa binti yako mmoja. Kitu cha mwisho nilichompa ni hilo neno. Nililala na kuamka nikijua kwamba alikwenda akiwa amenifungia nje ya moyo wake, na kwamba alikuwa na haki.

Hii flashi nyekundu ina plagini sahihi. Futa ile ya kwanza kwenye folda, weka hii, funga na ufungue brauza. Itakuuliza kama unairuhusu. Bonyeza ndiyo. Masomo sita ya kwanza ni mazuri, kuna moja anasahau jibu la tano mara nane na kujicheka. La saba, fanya unavyotaka.

Ukishasikia, hata usiponiandikia tena nitaelewa. Naomba tu uwe na afya.

Kiema


Mwingi,
1 Desemba 2020

Mwaitu,

Ndululu anasema alikupa flashi mkononi mwako tarehe kumi na moja, na kwamba ulimpa maji ya kunywa.

Sidai jibu. Nauliza tu kama iliingia, kwa sababu mwaka unaisha.

Mvua imenyesha hapa. Deqa ameniletea chapati leo, akaniuliza kwa nini nakaa mlangoni kila lori la machungwa likipita. Nikamwambia napunga hewa.

Kiema


Mukuyuni,
Jumatatu, 14 Desemba 2020

Kwa Kiema,

Iliingia siku ileile. Mara ya kwanza, bila kurudia. Nilikuambia vidole ni vizima.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua iliyopigwa kwa hasira hutoboa karatasi. Nilipiga mbili za kukutukana, nikawashia jiko. Ya pili ilikuwa nzuri sana, nimesikitika kuichoma.

Niliyasikia masomo sita, moja kila siku, kama dawa. Ile ya tano mara nane niliicheka hadi nikakohoa. Alikuwa hivyo tangu utotoni, tano mara nane haikumwingia, na ndiye akaenda kuwa mwalimu. Halafu nilikaa siku nne nikiliogopa la saba. Siku ya tano nikalifungua.

Unajua kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mabaraza. D.O. alikuwa akisema, "Mama, andika kila kitu, hata mbuzi akilia." Kwa hivyo nililisikiliza somo la saba nikiliandika hivyo, nikirudia mahali nisipoelewa. Kumbukumbu zenyewe ni hizi:

Dakika ya kwanza hadi ya tisa. Mwalimu anafundisha kuhesabu kwa makumi. Anakohoa mara moja.

Dakika ya kumi. Mlango. Mume anaingia. Maneno yanasemwa. Nimeyapiga yote kwenye karatasi nyingine, hapa siyarudii.

Dakika ya kumi na mbili. Mlango unapigwa.

Kutoka hapo hadi ya ishirini. Kuku. Redio ya jirani. Mwalimu analia, si sana, kisha anapenga kamasi.

Dakika ya ishirini na moja. Kiberiti. Jiko la mafuta linapigwa pampu.

Dakika ya thelathini na nne. Sufuria inaepuliwa. Sahani ya kwanza inawekwa mezani. Sahani ya pili inawekwa mezani.

Dakika ya thelathini na tano. Mwalimu anakula. Kijiko ni kimoja.

Dakika ya arobaini. Sahani ya pili inafunikwa kwa sahani nyingine.

Dakika ya arobaini na mbili. Mwalimu anasema, "Woi! Kumbe hii kitu bado inarekodi?" Anacheka. Mwisho wa kumbukumbu.

Kiema, somo lile lina dakika arobaini na mbili. Wewe ulisikiliza kumi na mbili.

Zile sahani za bati nilimnunulia mimi, soko la Kwa Vonza, siku ya kumsindikiza kwako. Naujua mlio wake kama ninavyoujua mlio wa mlango wangu. Nilirudia pale mahali mara sita, nikiogopa kwamba ni masikio ya mzee yananibembeleza. Ni sahani mbili, na moja ikafunikwa. Na asubuhi wale akina mama walipokuja kufagia, waliikuta hapo, wakaimwaga na kuiosha bila kujua wanaosha nini. Sitawalaumu. Hata mimi ningeosha.

Lile neno ulilomwambia silisamehe, si leo. Lilikuwa neno baya na utalibeba wewe mwenyewe. Lakini usiniambie tena kwamba alikufungia nje. Mwanamke aliyemaliza na mwanamume hamfunikii chakula. Mimi na baba yake tulimaliza mwaka wa themanini na nane, nilikuwa namwachia sufuria wazi na nzi wakila kabla yake. Mwongeli alilia, akapika, akakungoja. Alikuwa na hasira na alikungoja. Vyote viwili.

Sasa sikiliza. Kavindu ameshanirekodia masomo sita kwa simu yake, hayo hayatapotea. La saba nilimkatalia. Hilo si la mtu mwingine. Litanyamaza mwaka ukiisha na mimi sina neno, ila kabla halijanyamaza nataka ulisikie mpaka mwisho, na nataka ulisikie hapa, chumbani kwangu, nikiwa nimeketi kando yako. Kule kwako Mwingi usingemaliza. Nakujua sasa, ungezima tena pale mlangoni.

Usiniambie nthoni. Wazee waliipanga, na wazee hao hao wakaiwekea mlango: mkwe akileta blanketi akamfunika mama mkwe mabegani mbele ya shahidi, wanaweza kutazamana na kula meza moja. Shahidi nimempata, ni mchungaji, na amefurahi kuliko inavyofaa. Blanketi si lazima liwe jipya. Lile la kijani la Mwongeli najua ulibaki nalo, maana halikuwa kwenye sanduku la nguo zake, na mimi sikuuliza.

Njoo Jumamosi hii, tarehe kumi na tisa, na lori la Ndululu. Nitapika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Barabara ya huku imeharibiwa na mvua, mnaweza kufika saa sita, mnaweza kufika saa kumi. Usihangaike. Sahani yako nitaifunika.

Mama Mwongeli